Kompyuta ya Studio na Picha ya Mama Deo

Nimestaafu. Wenzangu wa studio wanacheka kila nikilitamka neno hilo, kwa sababu sijafika miaka arobaini na sina hata mvi. Lakini mtu aliyeacha kazi na hana nia ya kuirudia aitweje? Macho yangu yamechoka kukodolea kioo, nimepata nafasi ya kufundisha sekondari, na funguo za chumba cha nyuma nimewakabidhi ninyi vijana mnaoendelea. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, hasa habari za kompyuta, maana mmeambiwa kwamba Dada Msomi ndiye aliyeichagua, kana kwamba nilioteshwa usiku. Sikuoteshwa. Nilibishana na watu.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya kemia wakati ambao serikali ilikuwa imekwisha kuacha kuwapangia wahitimu kazi. Tuliambiwa tujiajiri. Niliuliza tujiajiri kwa kutumia nini, sikujibiwa, nikapanda basi nikarudi Njombe kwetu. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Zuhura. Alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Makambako kutoka Tabora. Mumewe alikuwa na malori ya kubeba mahindi na viazi, naye mwenyewe alikuwa na studio mbili za picha, moja Njombe na nyingine Makambako.

"Umesomea nini?" aliniuliza.

"Kemia, mama."

"Hizo si ndizo dawa?"

"Ni sehemu ya—"

"Basi utamsaidia Mzee Mligo dawa za picha. Kesho uje na sweta zito."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu. Sijawahi kufanyiwa usaili wenye akili kuliko ule, hasa kipengele cha sweta.

Mzee Mligo alikuwa fundi wa chumba cha giza katika studio ya Njombe. "Kamwene, binti," alinisalimia kwa Kibena asubuhi ya kwanza, akanipa aproni ya mpira na kunionyesha pa kusimama. Ilikuwa Juni. Ninyi mnaoijua Njombe ya Juni mnajua maji ya bomba yanavyouma vidole. Dawa ya kusafishia picha haifanyi kazi ikipoa sana, kwa hiyo Mzee Mligo aliweka trei ya dawa ndani ya karai la maji ya moto, na kando palikuwa na birika likichemka. Mimi, nikiwa nimetoka maabara, nilimuuliza anajuaje kwamba joto limetosha.

"Kipimajoto hicho hapo ukutani," alisema. "Ulidhani naonja?"

Alinifundisha mambo mengi, mengine nimeyasahau kwa kuwa filamu yenyewe imekwisha kusahaulika. Lakini kuna sheria yake moja niliyoihamishia kwenye kompyuta bila kubadilisha neno. Alikuwa na brashi nyembamba sana ya kurekebishia picha, akiziba vumbi na mikwaruzo nukta kwa nukta. Siku moja nilimwona anafuta chunusi katika uso wa bibi harusi, na dakika chache baadaye anaacha kovu katika uso wa bwana harusi. Nikauliza, kama kawaida yangu. Akasema chunusi itaondoka yenyewe, kwa hiyo ukiitoa humdanganyi mtu. Kovu muulize mwenyewe. Tangu hapo nimewauliza watu wengi habari za makovu yao. Wengi husema liache.

Baadaye zikaja habari kwamba studio za Iringa na Mbeya zimeweka kompyuta. Unaskani picha, unaitengeneza kwenye kioo, unaitoa kwa printa. Mama Zuhura hakuwa mtu wa kukubali kupitwa. Aliamua kompyuta inunuliwe, na iwekwe Makambako. Hilo la pili lilikuwa uamuzi mzuri, ingawa watu wa Njombe walinuna. Njombe tulikuwa tukitumia umeme wa jenereta, unaokuja na kuondoka unavyotaka. Makambako ilikuwa kwenye gridi. Kompyuta haipendi kushtuliwa. Mimi nikahamishwa pamoja na mashine ambayo ilikuwa haijanunuliwa bado, na nikapanga chumba upande wa Kitandililo.

Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Hamadi, mwenye duka karibu na njia panda. Alileta kompyuta zilizokwisha kutumika, zikitoka Dubai kupitia Dar, na kila moja aliisifia kwa neno lilelile.

"Hii ina kasi, dada. Hii nayo ina kasi. Ile pale, usiseme, ile ni kasi tupu."

"Kasi ya kufanya nini?"

"Ya kila kitu."

Nilikuwa nimebeba picha moja ya harusi tuliyopiga studio kwenye diski, iliyoskaniwa na rafiki wa Mama Zuhura kule Iringa. Nikamwomba Hamadi aifungue kwenye kila mashine, aigeuze upande, aikuze, aihifadhi. Hamadi alimtazama Mama Zuhura kama mtu anayeomba aokolewe. Mteja wa kompyuta siku zile aliangalia kama inawaka, akasikiliza muziki kidogo, akalipa.

"Wewe Msomi," Mama Zuhura alinikemea, "unanunua mashine au ng'ombe? Bado umkague meno tu."

"Ningeyaona meno ningeyakagua, mama."

Moyo wake ulikuwa umekwisha kutua kwenye kompyuta moja ndogo nyembamba, nyeupe, ya kupendeza kama friji ya maharusi. Nilimwomba Hamadi aifungue kifuniko. Ndani palikuwa pamebanana. Nafasi ya memori ilikuwa moja, nayo imejaa. Ukitaka kuongeza diski ya pili, hakuna pa kuiweka. Pembeni, sakafuni, kulikuwa na kasha moja refu, limepauka rangi, lina mkwaruzo mbavuni. Ndani yake ungeweza kufugia kuku. Nafasi za memori zilikuwa nne, tatu zikiwa tupu, na palikuwa na mahali pa kuongezea diski. Prosesa yake ilikuwa na kasi pungufu kidogo tu kuliko ile ya mashine nyeupe. Nikasema tuchukue hili baya.

"Wateja wataliona," alisema Mama Zuhura.

"Litakaa chini ya meza."

"Na mimi je? Si nitakuwa nalijua?"

Tulilichukua. Kwa kioo cha kompyuta sikumpa nafasi ya kubishana. Nilikuwa na picha ya zamani ya Mzee Mligo, nyeusi na nyeupe, yenye rangi nyingi za kijivu, nayo pia ilikuwa imeskaniwa kwenye diski. Niliishika kando ya kila kioo chenye picha ileile ndani yake. Viwili vilitoa kijivu chenye ubuluu, kimoja kikatoa uwaridi. Kimoja kilikuwa kizito cha kubebwa na watu wawili, na kijivu chake kilikuwa kijivu. Hicho ndicho mlichorithi. Vijana, kioo kinachodanganya kitakufanya uharibu uso wa mtu kwa nia njema kabisa. Utadhani amekuwa mwekundu, utapunguza wekundu, na kwenye karatasi atatoka kama mgonjwa.

Tulifunga pazia zito dirishani, tukaweka betri ya akiba kwa ajili ya umeme ukikatika, na nikanunua brashi ya rangi ya nyumba, ile pana, kwa ajili ya kusafishia vumbi ndani ya kasha. Upepo wa Makambako mnaujua. Msipolifungua kasha hilo na kulipiga brashi mara kwa mara, feni itaziba kwa vumbi na mtasema mashine imelogwa.

Kazi iliyotuletea wateja haikuwa ile niliyoitarajia. Nilitarajia kurekebisha picha. Wateja walitaka kuhamishwa. Kijana wa Matamba ambaye hakuwahi kuvuka Mbeya alitaka asimame mbele ya maghorofa. Mama mmoja alitaka mkwewe aondolewe kwenye picha ya ubatizo, halafu wiki iliyofuata, baada ya kupatana, alitaka arudishwe. Koti na tai ya studio, ambavyo zamani watu walivaa kwa zamu hadi vikanuka, sasa nilivibandika kwa kompyuta. Mama Zuhura aliandika ubao nje: TUNAKUWEKA POPOTE. Mimi nilimuuliza kama ni vizuri kuwaambia watu hivyo. Akasema si ndicho wanachotaka? Na kweli ndicho walichotaka. Lakini katika muda mfupi mji mzima ukajifunza msemo mpya. Mtu akionyeshwa picha asiyoipenda, husema, "Hiyo si ya kompyuta hiyo?"

Ndipo akaja Mama Deo.

Alitoka Ludewa, kijiji cha upande wa Lugarawa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au kunizidi kidogo, amevaa kitenge cha msiba kilichofuliwa mpaka kikapauka, na alikuwa ameanzia studio ya Njombe. Mzee Mligo alikuwa ameitazama picha yake, akafunga kazi siku hiyo, akapanda naye gari mpaka Makambako. Mzee Mligo hakuwa mtu wa kupanda gari ovyo.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo, ya siku ya mahari yake. Aliipiga mmisionari mmoja aliyekwisha kurudi kwao zamani, na filamu aliondoka nayo. Ilikuwa imetundikwa kwenye nyumba ya nyasi inayopikiwa kuni. Mvua ilipovuja, maji yalishuka na moshi wa miaka yote, maji ya kahawia mazito, yakatanda juu ya karibu nusu nzima ya picha. Upande uliobaki safi ulionyesha Mama Deo akiwa binti, amekaa mkekani na mama zake. Upande wa wanaume, waliokuja kutoa mahari, ulikuwa doa tupu.

"Mume wangu amefariki," alisema, akijikaza. "Ndugu yake, shemeji yangu Gervas, anasema mimi sikuolewa. Anasema mahari haikufika, kwamba nilikaa tu na marehemu. Nyumba ni ya baba yao. Kama sikuolewa, natakiwa niondoke na watoto, nirudi kwa wazazi wangu. Na wazazi wangu hawapo."

"Wazee waliopeleka mahari wako wapi?" niliuliza.

"Wamekufa wote. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeongoza. Yumo humo." Aliweka kidole juu ya doa. "Amesimama hapa. Mimi namwona kwa sababu nilikuwepo. Wao hawamwoni."

Wazee wa ukoo walikuwa wamempa muda mfupi alete shahidi. Hakuwa na shahidi mwingine.

Nilimuuliza kama shemeji yake ni mwongo. Mzee Mligo alinikazia macho, lakini mimi nilitaka kujua. Mama Deo akafikiri. Akasema hapana, Gervas hakuwepo. Alikosana na baba yake, akaondoka, akafanya biashara Tunduma na ng'ambo ya mpaka kwa miaka mingi, na aliporudi alifungua biashara ya mbao hapa hapa Makambako. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. "Hakuna aliyemwambia," alisema. "Anasema asichokijua."

Hapo nilijua tatizo letu halikuwa doa peke yake. Tuseme nimelitoa. Mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, anayepita kila siku mbele ya ubao wetu wa TUNAKUWEKA POPOTE, angesema nini?

Kwanza lakini ilibidi doa litoke. Nilikuwa na wazo kutoka chuoni. Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni picha tatu zilizolaliana: ya mwanga mwekundu, ya kijani na ya buluu. Doa la kahawia huzuia sana mwanga wa buluu, lakini mwekundu hupita kwa urahisi. Kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe yenye doa la kahawia uiskani kama picha ya rangi, kwa ukubwa wote skana inaouweza, halafu utupe buluu na kijani ubaki na nyekundu. Huchori kitu. Unachagua tu mwanga wa kuangalizia.

Niliskani. Mashine ikaganda. Nikaanza upya, ikaganda tena. Hamadi aliitwa, akaja na hukumu yake mkononi.

"Prosesa imezeeka, dada. Nina mpya, ina kasi."

"Unajuaje kwamba ni prosesa?"

"Si iko taratibu?"

Nikamwomba akae kimya aangalie taa ndogo iliyo mbele ya kasha, ile inayowaka diski ikifanya kazi. Ilikuwa haizimi. Sikieni hili vizuri, kwa maana mtaulizwa na wauzaji wengi. Memori ni kama meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Picha ikiwa kubwa kuliko meza, kompyuta inakimbia kabatini kila wakati kuweka na kuchukua, na prosesa inakaa bure ikisubiri. Ukibadilisha prosesa umeajiri mtu hodari zaidi wa kusubiri. Sisi tulikuwa na memori ya megabaiti sitini na nne, na nafasi tatu tupu.

Mama Zuhura hakuuliza swali. Alikuwa amekaa na Mama Deo nyuma, wakinywa chai. "Mpe memori," alimwambia Hamadi, "na usimpe takataka."

Hamadi alileta memori vipande viwili. Nilivipachika, mashine ikawaka, ikafungua picha nzima kwa mara ya kwanza, nikataka kupiga vigelegele. Halafu ikazimika yenyewe. Nikawasha, ikafanya kazi kidogo, ikazimika. Mzee Mligo aliuliza kama nimeiudhi. Nilitoa kipande kimoja. Ikafanya kazi vizuri. Nikakitoa kilichobaki, nikarudisha kile cha kwanza peke yake. Ikazimika.

"Kipande hiki kibovu," nilimwambia Hamadi.

"Memori haiozi, dada. Si nyanya."

"Basi kiweke kwenye mashine yako ya dukani, ukifanyie kazi mpaka jioni."

Hamadi alikigeuzageuza kile kipande, akatutazama tulivyokaa, akakitia mfukoni na kwenda kuleta kingine. Ongezeni kipande kimoja kimoja, vijana. Ukiongeza viwili kwa pamoja na mambo yakaharibika, umejipa maswali mawili.

Mashine iliyonenepa memori ilimeza picha bila kukohoa. Nilifungua buluu: doa jeusi kama lami. Kijani: doa zito, na vivuli ndani yake. Nyekundu: doa likawa ukungu mwepesi, na ndani ya ukungu wakasimama wanaume wanne mbele ya mlango, mmoja akiwa na koti refu la zamani na kofia mkononi. Mama Deo alimgusa baba mkwe wake, yule mwenye koti, juu ya kioo. Aliweka kiganja mdomoni. Mzee Mligo alisogea, akavua miwani, akaivaa.

Ningefurahi, lakini mimi sikuumbwa hivyo. Nilijiuliza: na kama mashine ndiyo iliyomtunga? Nilijua haikumtunga. Lakini kujua kwangu kungemsaidia nini mama huyu mbele ya watu ambao wamekwisha kuniona nikiwapeleka wenzao kwenye maghorofa ambayo hawajayaona? Nilitaka njia ya kumwona yule baba mkwe bila kompyuta. Nikamuuliza Mzee Mligo kama mashine yake ya kukuzia picha bado ina kile kioo chekundu kinachofunika lenzi. Akasema kipo. Nikamwomba akilete. Hakuniuliza cha nini. Alirudi Njombe na gari la jioni, na kesho yake asubuhi akakishusha mezani kimefungwa kwenye leso. Tuliweka picha halisi chini ya taa kali, nikakiweka kile kioo jichoni. Doa lilipungua. Hakuonekana vizuri kama kwenye kompyuta, lakini alionekana: koti, kofia, mabega.

Mama Deo alituma habari kwao, na wazee wawili wa ukoo wakaja kwa basi kutoka Ludewa. Gervas alikuja kwa miguu kutoka kwenye mbao zake, mwanamume mnene, mpole wa sura, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Walikaa kwenye viti vya wateja, na mzee mkubwa akaniambia nianze, mwanangu, ila nisiharakishe.

Niliwaskania mbele yao. Sikutumia picha niliyokwisha kuiandaa, kwa maana ningekuwa mimi ningekataa. Gervas alishika picha halisi mpaka dakika ya kuingia kwenye skana na akaipokea ilipotoka. Umeme ulipepesa katikati ya kazi, betri ikapiga kelele, wazee wakashtuka, lakini mashine haikuzimika. Kama ingeganda pale, wangesema tumegundulika.

Walipotokea wale wanaume, mzee mmoja akataja majina ya wawili. Gervas aliegemea nyuma.

"Dada," alisema kwa upole, "mimi napita hapa kila siku. Nimeuona ubao wenu. Mnaweka mtu popote. Sasa hawa mmewatoa wapi?"

Mama Zuhura, mlangoni, akafungua mdomo. Nilimtangulia.

"Swali zuri, kaka. Mimi mwenyewe nimejiuliza hilohilo. Sogea hapa. Acha kompyuta." Nikazima kioo. Nikaiweka picha halisi chini ya taa, nikampa kile kioo chekundu. "Picha ni ileile uliyoishika mwenyewe. Weka hiki jichoni uangalie doa."

Aliangalia. Akakiondoa, akaangalia kwa macho matupu. Akakirudisha. Akakiondoa tena.

"Ni kioo tu," alisema.

"Ni kioo tu. Kinapitisha mwekundu."

Alikirudisha jichoni na safari hii hakukiondoa. Mzee mkubwa alingoja, halafu akauliza taratibu, "Unaona nini, Gervas?"

"Koti la baba."

Mzee naye akaomba kioo, akaangalia, akampa mwenzake. Niliwasha kioo cha kompyuta tena, nikakuza uso wa yule mwanamume mwenye kofia mpaka ukajaa kioo, kijivu na chenye chengachenga, lakini uso.

"Hakuniambia," Gervas alisema.

"Alisema ukirudi atakwambia mwenyewe, shemeji," Mama Deo alijibu. Ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo siku ile. "Kila Krismasi alisema."

Mzee mkubwa alisimama, akajifunga koti. Alisema kwamba kikao kitakaa nyumbani kama desturi, lakini kitakaa kwa ajili ya kuwaeleza wengine tu, kwa kuwa yeye na mwenzake wamekwisha kuona. "Huyu ni mke wa ukoo. Aliyempeleka nyumbani ni baba yenu. Una neno, Gervas?"

"Sina, baba mdogo."

Wazee walitoka kwenda kutafuta chakula. Gervas akabaki amekaa mbele ya kioo. Aliniambia kwamba hana picha hata moja ya baba yake, nikamwambia nitamtolea ile. Akaendelea kuangalia. Halafu, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Hapo pembeni yake pana nafasi. Unaweza kuniweka?"

Kuweza ningeweza. Ningempiga picha pale pale, nikamvisha koti, nikapunguza mwanga, na asingejua mtu. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kipanya. Hadi leo sina hakika ningejibu nini.

"Hapana," alisema mwenyewe. "Acha. Sikuwepo."

Nikatoa nakala mbili, zina ukungu wake kidogo, hatukuugusa. Moja alichukua Gervas, akaificha ndani ya shati ili isipate upepo. Ya pili nilikwenda kumpa Mama Deo, nikamkuta amelala kwenye benchi la wateja, viatu kavivua, mkono umening'inia sakafuni, anakoroma kama dereva wa lori. Mteja aliyekuwa akingoja picha ya paspoti alitaka kukaa. Mama Zuhura akamwambia asimame. Tulifanya kazi kwa kunong'ona mpaka basi la Ludewa lilipokaribia kuondoka.